Toleo Lisilongoja Mtandao

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na haikurudi hadi karibu tarehe 20 Januari. Watu wa Beni na Butembo hata kura hawakuwa wamepiga: kwao uchaguzi ulikuwa umesogezwa hadi Machi, na sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Kazi ya Ebola yenyewe haikusogezwa. Kila asubuhi timu zilitoka na orodha za watu waliokaribiana na wagonjwa, zikawafuata nyumba kwa nyumba, na taarifa zao zikalazimika kuingia kwenye kompyuta kabla ya kesho yake. Go.Data, programu ya Shirika la Afya Duniani iliyotumika katika mlipuko ule, imeundwa iweze kukaa kwenye kompyuta moja ofisini na kufanya kazi bila kuuliza kitu nje.

Nakuandikia wewe unayetengeneza programu hapa kwetu, iwe ya kituo cha afya, ya shule, ya ushirika wa kahawa au kakao, au ya duka la jumla. Kwa kawaida tunamjali mtumiaji asiye na mtandao, tukamsahau fundi. Programu inafunguka vizuri kijijini, lakini ili kusahihisha kosa moja ndani yake zinahitajika seva za ng'ambo, mega za kutosha, na kumbukumbu ya kijana mmoja ambaye sasa yuko Kampala. Programu ya namna hiyo haiko mikononi mwenu. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja: mtu wa pili, mwenye kompyuta yake na diski ya nje, bila mtandao na bila namba yako ya simu, aweze kuijenga programu, kuijaribu na kutoa toleo jipya. Yote yanayofuata ni njia ya kufika hapo.

Amri moja ya kujenga

Kila mradi uwe na amri moja ya kujenga, moja ya kujaribu, moja ya kutoa toleo. Ziandikwe katika faili moja iliyo juu kabisa ya folda ya mradi, mgeni asizitafute. Mimi hutumia `make`. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na umri huo ndio unaonivutia: ni ndogo, inapatikana kirahisi kwenye Linux yoyote, haipakui kitu, na uliyojifunza juu yake miaka 10 iliyopita bado yanafaa. Ukipenda chombo kingine, sawa, mradi `make jenga`, `make jaribu` na `make toa`, au amri zinazofanana nazo, zifanye kazi kwa mtu ambaye hajawahi kuzungumza nawe. Hatua ya kukariri ni hatua itakayosahauliwa. Kama kuna faili unayoifungua kwa mkono kubadilisha namba kabla ya kujenga, ingiza kazi hiyo kwenye skripti leo.

Kisha zishughulikie maktaba za watu wengine. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa maktaba yake, `left-pad`, kwenye hazina ya npm. Ilikuwa na mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, lakini maelfu ya miradi duniani ilishindwa kujengwa siku ileile. Huko wenye mtandao wa kudumu walikosa maktaba moja kwa saa chache. Kwetu maktaba zote huondoka pamoja kila mtandao unapokatika.

Kwa hiyo funga matoleo. Faili ya kufunga itaje toleo kamili la kila maktaba, kamwe isiseme "lolote lililo jipya", na iingie kwenye Git pamoja na msimbo. Halafu zilete maktaba zenyewe nyumbani. Kwa Go, `go mod vendor` inazikusanya ndani ya mradi. Kwa Python, tumia `pip download` usiku mtandao ukiwa mzuri, kisha siku ya kujenga tumia `pip install --no-index --find-links` ukiielekeza kwenye folda uliyoijaza. Kwa Android, Gradle ina `--offline`, ila haisaidii kitu kama kashe yake haijajaa; nakili kashe hiyo kwenye diski ya nje na ubandike tarehe juu ya diski. Wanaoandika JavaScript watafute kompyuta ya zamani, hata iliyovunjika kioo, waiwekee Verdaccio, ambayo hubaki na nakala ya kila maktaba iliyopita kwake. Ukitaka kujua kama umefaulu, zima Wi-Fi, chukua nakala mpya ya mradi kutoka diski, uijenge katika folda tupu. Fanya hivyo kila mwezi, kwa sababu maktaba mpya huongezwa kimyakimya na hakuna anayekumbuka kuihifadhi.

Kuna pia suala la kurani, yaani umeme. Butembo imeishi miaka mingi kwa jenereta, na umeme ukiondoka katikati ya kujenga, faili nusu hubaki mahali pa faili nzima. Mtu akija kesho anaiona, jina lake ni sahihi, anaipeleka Lubero. Dawa yake haigharimu kitu: skripti iandike kwanza faili ya muda, ihakikishe imekamilika, ndipo ibadilishe jina kuwa jina la mwisho. Ukibadilisha jina ndani ya diski ileile, utaikuta faili ya zamani nzima au mpya nzima, hutakuta kipande. Na kabla ya kuchomoa flashi, amri ya `sync`, kila mara.

Majaribio yenye majina, saa na pesa za hapa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo vyombo vilivyoletwa kutoka nje vinapotuacha peke yetu. Majaribio unayoyakuta kwenye mifano ya intaneti yanadhani dunia ina saa moja, sarafu moja, na kwamba watu wawili wenye jina moja ni jambo la nadra.

Anza na majina. Wanande wa hapa huwapa watoto majina kufuatana na mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Wasichana nao wana mpangilio wao, ndiyo maana kina Masika na kina Kavira wamejaa kila mtaa. Katika daftari la kituo kimoja cha afya, "Kambale" hamtambulishi mtu. Ukivuka mpaka wa Kasindi ukaingia Kasese, jina lilelile kwa Wakonzo ni Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka, Katembo anakuwa Thembo. Tahajia nazo hutofautiana kwa mwandishi na mwandishi: Kavugho na Kabugho, Katungu na Kathungu. Basi data yako ya majaribio iwe na kina Kambale wengi wa umri unaokaribiana katika mtaa mmoja, na jaribio lithibitishe kwamba programu haiwaunganishi kuwa mtu mmoja. Iwe pia na Masika mmoja aliyeandikishwa mara mbili kwa tahajia mbili, na jaribio lithibitishe kwamba programu inamuuliza mtumiaji badala ya kuamua yenyewe.

Majina hayo yatunge. Usinakili orodha ya wagonjwa halisi ukaiweka kwenye folda ya majaribio, hata kwa siku moja, hata kama mkuu wa kituo amekuruhusu. Folda ya majaribio husafiri na msimbo popote uendapo. Utafiti wa Patrick Vinck, Phuong Pham na wenzao, uliofanyika Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961, ulikuta kwamba zaidi kidogo ya robo yao hawakuamini kuwa Ebola ipo. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Katika mji uliopitia hayo, jina la mtu na ugonjwa wake katika faili iliyopotea si kosa la kiufundi.

Sasa saa. Beni na Butembo zinafuata saa ya Lubumbashi, saa 2 mbele ya saa ya dunia. Kinshasa iko saa 1 mbele, na Uganda, ng'ambo ya daraja la Mpondwe, iko saa 3 mbele. Mtengenezaji anayechagua "Kinshasa" kwa sababu ni nchi moja ameshakosea, na simu iliyoshika mnara wa Uganda pale Kasindi inaweza kujibadilisha saa bila kumwambia mtu. Kosa baya zaidi huonekana dogo. Muuguzi anaandika tarehe 12 Agosti. Programu inaihifadhi kama usiku wa manane wa Butembo, ambao kwa saa ya dunia bado ni tarehe 11 Agosti, saa nne usiku. Mahali pengine katika msimbo mtu anakata saa ili abaki na tarehe, na tarehe inayobaki ni 11.

Kwa duka la jumla, siku moja ni usumbufu. Kwa mtu aliyekaribiana na mgonjwa wa Ebola, ufuatiliaji ni siku 21, na siku iliyoibwa ni siku ambayo hakuna atakayekuja kumpima joto. Mlipuko ule wa 2018 hadi 2020 ulikuwa na wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Andika majaribio ya siku 21 kwa mkono, na majibu yake yahesabiwe kwenye kalenda ya ukutani, si kwa programu ileile unayoijaribu. Aliyekaribiana na mgonjwa mara ya mwisho tarehe 12 Agosti, siku yake ya 21 ni 2 Septemba. Tarehe 20 Februari 2021 inafika 13 Machi. 20 Februari 2020 inafika 12 Machi, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa mrefu. Kisha yaendeshe majaribio hayohayo mara tatu, kompyuta ikiwa imewekwa saa ya Kinshasa, ya Lubumbashi na ya Kampala. Kwenye Linux inatosha kutanguliza `TZ=Africa/Lubumbashi` mbele ya amri. Iandike kwenye faili ya `make` mara moja, haitakudai kitu tena.

Pesa na namba nitazipitia haraka. Bei hapa hutajwa kwa dola na kulipwa kwa faranga, na sokoni Kasindi shilingi ya Uganda nayo inapokelewa. Jaribu kila hesabu kwa sarafu zote mnazozitumia, na kiwango cha ubadilishaji kihifadhiwe pamoja na tarehe yake. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo alama ya desimali ni koma, na Excel hutenganisha safu za CSV kwa nukta-mkato. Faili iliyofunguka vizuri kwako inaweza kufunguka kwa mhasibu ikiwa safu moja ndefu. Weka faili za namna zote mbili kwenye majaribio.

Majaribio yote haya yaendeshwe wapi? Huduma za mbali zinazojenga na kujaribu kila unapotuma msimbo ni nzuri, nami nazipenda, ila zisiwe mahali pekee. Kompyuta yoyote ya ofisini inaweza kushika hazina ya Git ya timu na kuendesha `make jaribu` kila msimbo unapoingia. Gawanya majaribio katika makundi mawili: ya haraka, yanayokwisha kabla mtu hajachoka kusubiri, na ya polepole, yanayoendeshwa wakati kurani ipo. Halafu kuwe na simu halisi. Nunua simu mbili kati ya zile za bei ya chini ambazo wauguzi na makarani wenu wanazo kweli, zenye kumbukumbu ndogo na Android ya zamani, na kila toleo lipite humo kabla ya kutoka. Simu ya mfano iliyo ndani ya kompyuta haijazi hifadhi kwa picha za WhatsApp.

Kuhusu jaribio linaloanguka leo na kupita kesho bila mtu kugusa kitu, nina msimamo mkali: lipewe wiki moja. Tafuta chanzo, ambacho mara nyingi ni saa, mpangilio wa faili, au mtandao uliojificha ndani ya jaribio. Wiki ikipita bila jibu, liondoe na uandike kwamba umeliondoa. Timu iliyozoea kuona rangi nyekundu na kuendelea na kazi haitashtuka siku nyekundu itakapokuwa ya kweli.

Kutoa toleo

Toleo ni ahadi kwa mtu ambaye huenda usimfikie tena kwa miezi. Kutoka Butembo kwenda Beni ni kilomita hamsini na kitu; kutoka Beni kwenda Kasindi ni kama 80, na kuna majira ambayo magari hupita kwa msafara wa askari au hayapiti. Usitegemee kwamba kosa la Jumatatu utalirekebisha Jumanne. Usitoe toleo Ijumaa jioni: Waadventista hawapo kazini Jumamosi, waliobaki hawapo Jumapili, na simu ya kwanza ya malalamiko itakukuta bila wenzako.

Programu nyingi hapa hazipiti kwenye duka la Google. Zinatoka simu hadi simu kwa Bluetooth, kwa WhatsApp, au kwenye flashi iliyobebwa na dereva. Hakuna ubaya, ila hakikisha mambo matatu. Pamoja na kila faili toa alama yake ya SHA-256, ili fundi wa upande wa pili aendeshe `sha256sum` na kujua kama faili imefika nzima na haijaguswa. Namba ya toleo ionekane kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa programu, kwa herufi ambazo muuguzi mkuu wa kituo anaweza kukusomea kwa simu bila kutafuta. Na seva iendelee kupokea data kutoka matoleo ya zamani kwa muda mliokubaliana, kwa sababu simu ya Mangina inaweza kubaki na toleo la mwezi wa tatu hadi mwezi wa tisa.

Msimbo nao unaweza kusafiri hivyo. `git bundle create` inafunga historia nzima ya mradi kuwa faili moja. Mwenzako wa Beni anaivuta kana kwamba ni seva. Ni njia isiyojulikana vya kutosha, na kwa timu yenye miji miwili inaokoa mega nyingi.

Sasa ufunguo wa saini. Android haikubali toleo jipya juu ya la zamani kama saini hazifanani. Ukiupoteza ufunguo, na mnasambaza wenyewe, njia iliyobaki ni kila mtumiaji kuondoa programu na kuiweka upya, na data ambayo haijatumwa inaondoka nayo. Kwa hiyo ufunguo uwe na nakala mbili zilizofungwa kwa nywila, moja Butembo na moja Beni, kwa watu wawili tofauti, na nywila isikae pamoja na nakala. Kila baada ya miezi michache toeni toleo la majaribio kwa kutumia ile nakala ya pili, mhakikishe inafunguka.

Kurudi nyuma kupangwe kabla. Android pia hukataa kuweka toleo lenye namba ndogo juu ya lenye namba kubwa, kwa hiyo kumtumia mtu faili ya mwezi uliopita hakutamsaidia. Chukua msimbo wa mwezi uliopita, uupe namba mpya iliyo juu, uujenge, uutoe. Kama toleo baya lilibadilisha umbo la hifadhidata, msimbo wa zamani utashindwa kuisoma. Ndiyo maana mabadiliko ya hifadhidata yawe ya kuongeza tu kwanza, na kufuta kungoje matoleo mawili mbele.

Mtu wa pili

Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana faili inayotumika katika Linux nyingi, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya ujanja ule ilifichwa ndani ya faili za majaribio, na skripti iliyouwasha ilikuwemo kwenye kifurushi cha toleo lakini haikuwemo kwenye hazina ya Git ambayo kila mtu aliisoma. Aliyeuweka alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipendekeza kwa mtunzaji wa mradi, Lasse Collin, aliyekuwa akiubeba karibu peke yake na alikuwa ameshasema hadharani kwamba uwezo wake wa kuushughulikia umepungua.

Kuna kazi mbili za kufanya kutokana na hilo. Ya kwanza: kifurushi cha toleo kijengwe na skripti kutoka kwenye hazina ileile watu wanayoiona, na mtu wa pili akijenge kwenye kompyuta yake alinganishe alama za SHA-256. Zikitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kusambaza. Mara nyingi itakuwa tarehe iliyojiandika ndani ya faili; iondoeni, ili siku zitakapotofautiana kwa sababu nyingine mjue.

Ya pili ni kumtafuta huyo mtu mapema, wakati bado hujachoka. Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben na Chuo Kikuu cha Assomption, na wanafunzi wa kompyuta wanatafuta kazi ya kweli ya kujifunzia. Usimkabidhi kazi za kufagia. Mpe toleo linalofuata alitoe yeye tangu mwanzo, wewe ukiwa umezima simu. Atakwama, na mahali atakapokwama ndipo maelezo yenu yalipo pungufu, kwa hiyo yeye ndiye ayaandike, kwa Kiswahili au Kifaransa, lugha yoyote atakayoisoma usiku akiwa na wasiwasi. Mara ya pili atoe mtu wa Beni. Kila toleo liambatane na maelezo mafupi kwa watumiaji: nini kimebadilika kwenye skrini yao, wafanye nini kabla ya kuliweka (kwa kawaida ni kutuma kwanza data yote iliyo kwenye simu), na wampigie nani, namba mbili za watu wawili.